Karatasi ya Adhana Tano

Kwa hiyo hapana, Bi Rukia, si daktari, wala si yule mwalimu wa hesabu uliyekuwa ukinitajia kila tulipokunja mashuka pamoja. Nimeolewa na mtu wa vitalu. Anaotesha miche ya mikarafuu kule Kizimbani, kucha zake zina udongo ambao hata limau haliutoi, na mimi nikiuona udongo ule moyo wangu unafanya mambo ambayo, kama ungekuwapo, ungeniambia nikae chini ninywe maji.

Jina lake Haji. Na mama yake ni Bi Mwanaidi. Naam, Bi Mwanaidi wetu, mgonjwa wa kitanda cha tatu karibu na dirisha.

Najua ungeshika kiuno. Najua ungesema, "Asya! Nilikuweka wodini uangalie wagonjwa, wewe umeangalia watoto wao?" Nimeisikia sauti yako vizuri hata nikajibu kwa sauti, hapa peke yangu chumbani, na mama mkwe akaniuliza kutoka uani nasema na nani. Nikamwambia nasema na Bi Rukia. Akasema, "Msalimie."

Ndipo nikachukua kalamu.

Fungate imekwisha siku nane zilizopita. Nimeolewa, Bi Rukia! Mimi, uliyekuwa ukisema ninavyopenda kupiga mistari nitaolewa na rula. Nilivaa kanga mpya juu ya kanga mpya, nikapakwa hina hadi viwikoni, nikavishwa kikuba kifuani, na asumini ilikuwa nyingi mpaka nikapiga chafya mbele ya mashangazi wa bwana harusi. Uliniahidi utakuwa somo wangu. "Mambo ya wodi nshakufundisha," ulisema, "ya ndoa yanasubiri siku yake." Siku yake ilikuja, wewe hukuwapo, akaja mwengine, mama mmoja mwema wa Ng'ambo, akanifundisha yote anayofundishwa bibi harusi. Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini alipokuwa akisema kwamba mke mwenye akili humwangalia mumewe kabla ya kumwambia neno, nilitabasamu chini ya ukaya, maana hilo nilikuwa nimeshafunzwa na wewe, kwa watu walio taabani zaidi kuliko waume.

Nataka nikusimulie yote tangu ulipoondoka. Na ili niyasimulie sawasawa, lazima nianze kabla kidogo, pale tulipokuwa wote wawili.

Unakumbuka nilivyoingia wodini? Nimetoka shule ya sekondari juzi tu, cheti kimekunjwa ndani ya bahasha, viatu vinabana, najua tenzi na najua aljebra. Ukanipa daftari la mwenendo, lile kubwa lenye jalada jeusi, ambamo kila zamu huandika mgonjwa amekuwaje. Ukaniambia nimwandike Bi Mwanaidi. Nikamtazama kidogo, nikaandika: "Ana fujo bila sababu." Nikaona nimeandika kama daktari mwenyewe.

Ulisoma ukavua miwani. "Fujo umeiona?" Nikasema naam. "Na bila sababu, nayo umeiona? Ilikuwa imekaa wapi?"

Ukaniambia nifute, niandike nilichokiona kwa macho. Nikaandika: "Amegonga mlango kwa viganja viwili. Amelia. Hakula." Ukasema, "Sasa huyu ni mtu." Miaka miwili imepita tangu siku ile na bado kila nikishika kalamu najiuliza sababu imekaa wapi.

Bi Mwanaidi, wewe unajua, aliletwa baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa hasemi, halali, anatoka nyumbani kabla ya alfajiri na kuzunguka njiani bila buibui. Kwetu alianza kupata nafuu. Alikula, alioga, alitusukia hata mkeka. Lakini zile fujo za jioni hazikwisha, na daktari mgeni, aliyepita kila Ijumaa asubuhi kusoma karatasi zetu za wiki, alikuwa hazielewi. Wiki moja haina kitu. Wiki ya pili ina fujo mara mbili. Ya tatu kimya, ya nne mara mbili tena. Akasema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, kwamba mgonjwa asiyetabirika hawezi kurudishwa nyumbani. Atampa miezi mitatu. Karatasi zikiendelea vile vile, atahamishiwa wodi ya nyuma.

Wodi ya nyuma. Mimi na wewe tulijua maana yake. Mlango wa kule hufungwa kwa kufuli, na waliofungiwa humo jamaa zao huja mwezi wa kwanza, na wa pili, kisha hawaji tena.

Siku ile ulikunja mashuka kwa nguvu mpaka moja likapasuka. Kisha ukaniambia, "Daktari hana kosa. Yeye anasoma tulichompa. Karatasi ndiyo mbovu. Itengeneze, wewe uliyesoma."

Mungu wangu, nilivyofurahi! Nilikwenda nyumbani nikakaa na rula na penseli nyekundu siku mbili nzima. Nikachora karatasi yenye safu kumi na nne. Kulikuwa na safu ya usingizi, ya chakula, ya usafi, ya maneno, ya hasira, ya machozi, na nyingine ndogo ndogo ambazo hata mimi leo sizikumbuki. Nilikuletea kama mtu anayeleta posa. Ukaitazama, ukampa Dada Tereza, mhudumu wetu, ambaye ndiye aliyekuwa nao wagonjwa kuliko sisi sote ingawa kuandika kwake kulikuwa kwa kujikongoja. Tereza akaigeuza juu, akaigeuza chini.

"Bi Asya, hii karatasi au kanga? Mbona mapambo matupu! Jina lake liko wapi?"

Mlicheka nyote wawili. Mimi nilikwenda kulia chooni, sasa naweza kukwambia. Wiki ile safu kumi zilibaki tupu, na nne zilizojazwa zilijazwa zote siku ya Alhamisi kwa mkupuo, kwa kalamu moja, kila mgonjwa "vizuri, vizuri, vizuri." Hukunigombeza. Ulisema tu, "Karatasi ikimchosha mwenye kuijaza, itasema uongo. Anza upya. Punguza."

Nikaanza upya. Nikapunguza hadi tano. Na ni katika kuipunguza ile ya pili ndipo nilipoona lile jambo la Alhamisi.

Ilikuwa Alhamisi, zamu yako ya jioni, mimi nimemaliza yangu lakini nimebaki kupiga mistari mezani. Magharibi ikaadhiniwa, na punde hivi Bi Mwanaidi akaanza kugonga mlango. Nilimwona mwenyewe. Kesho yake, Ijumaa, nikafungua karatasi ya wiki iliyokwisha ili ninakili. Hamna kitu. Alhamisi ni tupu. Nikafungua karatasi mpya, ile inayoanzia Ijumaa, na hapo juu kabisa, kwa mwandiko wako mzuri wa kulala: "Usiku wa Ijumaa, amegonga mlango, amelia."

Nikadhani umekosea. Nikakuhurumia hata! Nikaja taratibu, nikakwambia, Bi Rukia, jana ilikuwa Alhamisi.

"Mchana, ndiyo. Jua lilipozama siku iligeuka. Magharibi ikishaadhiniwa ni usiku wa Ijumaa. Nani asiyejua hilo?"

Nikakwambia shuleni tulifundishwa siku hugeuka saa sita za usiku.

"Saa sita watu wamelala! Siku gani hiyo ya kugeuka hakuna hata wa kuiona?"

Tereza alikuwa akipita na ndoo, akasema, "Hebu muulizeni na mgonjwa naye, siku yake inageuka lini." Sote tukacheka. Kisha wewe ukaacha kucheka kabla yetu.

Ukaniambia nilete karatasi zote za miezi iliyopita. Ukatandika mkeka sakafuni, ukakaa, ukazipanga moja moja, ukapita na kidole. Jioni za zamu yako, fujo za Alhamisi baada ya magharibi zilikuwa zimeandikwa Ijumaa, nazo zikaangukia karatasi ya wiki inayofuata. Jioni za zamu yangu, fujo zile zile zilikuwa zimeandikwa Alhamisi, zikabaki kwenye wiki yake. Na sisi tulikuwa tukipokezana, wiki yako, wiki yangu. Ndiyo maana daktari aliona wiki tupu na wiki ya fujo mbili. Hapakuwa na wiki tupu, Bi Rukia. Hapakuwa na fujo mbili. Kila wiki ilikuwa moja, siku ile ile, jioni ile ile. Mwanamke yule alikuwa anatabirika kuliko gari la maji.

Kidole chako kilikuwa kimesimama juu ya jina lake. Kisha ukasema, "Mimi na wewe tumemfanya mtu mmoja kuwa wawili."

Mimi nilitaka kusema lolote la kukufariji. Nikasema hukukosea, nami sikukosea, kila mtu ameandika kweli yake. Ukanitazama kwa yale macho. "Mgonjwa hali kweli yangu wala yako, Asya. Tengeneza karatasi."

Na hapo hapo, bado umekaa mkekani, ukanipa lile wazo ambalo sasa wote wananisifu mimi kwalo. Ukasema majina ya siku tuyaache mwanzo wa mstari tu, kila mstari uanze alfajiri na uishie kabla ya alfajiri nyingine, na ndani yake tusiandike saa, maana wenye saa ya mkononi wodini ni wawili. Tuandike adhana. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Vyumba vitano. "Kuna nani mji huu asiyesikia adhana?" ukauliza. Tereza, ambaye Jumapili huenda kanisani kwao, akasema, "Mie tangu kuzaliwa ndiyo saa yangu, hainidai kutiwa funguo."

Yeye akaongeza alama, ili wahudumu wasihangaike na maneno. Duara ni utulivu, mstari uliosimama ni kilio, mistari miwili iliyopishana ni fujo. Na mimi, mwenye cheti, nikaongeza kitu kimoja tu, kijisehemu chembamba chini ya kila chumba: "Kabla yake nini?" Ulikisoma ukanigonga begani. Yale ndiyo malipo makubwa niliyowahi kupata, na sasa nina bangili.

Karatasi mpya ilianza Ijumaa iliyofuata. Wahudumu walijaza. Bila kusukumwa walijaza! Tereza alikuwa akifika mbio kabla muadhini hajamaliza. Alhamisi ya kwanza, kwenye chumba cha magharibi, mistari miwili iliyopishana. Alhamisi ya pili, chumba kile kile, mistari miwili. Na chini yake, kwenye "Kabla yake nini?", kwa herufi kubwa za Tereza zinazopanda mlima: MTU LANGONI.

Hiyo uliiona. Ulisema, "Alhamisi ijayo nenda kasimame langoni, usiseme kitu, sikiliza." Ulisema ukiwa umejishika kifua. Nikakuuliza, ukasema ni gesi, ni muhogo wa mchana.

Jumapili jamaa zako wakaja kutuambia.

Bi Rukia, sitaandika siku zile. Nilijaribu, nikaipasua karatasi. Nitasema moja tu. Niliogopa ni mimi. Niliogopa kwamba mtu aliyefanya kazi ile miaka mingi kuliko umri wangu, kuonyeshwa na mtoto wa juzi kwamba mwandiko wake mzuri umemchelewesha mgonjwa, kumekuumiza moyo, na moyo ukakataa. Sikumwambia mtu. Nilikuja Bumbwini kwenye hitima yako nikakaa nyuma kabisa, sikuweza kumtazama dada yako usoni.

Ni yeye aliyenifuata. Alinipa kikombe cha kahawa, akasema, "Wewe ndiye Asya wa rula?" Akaniambia kwamba usiku ule wa mkeka ulifika nyumbani unacheka. Ulisema, "Leo nimefunzwa, dada. Na uzee huu! Nilidhani mlango huo umeshafungwa." Ukala wali wote, ukaomba na ukoko.

Niliangua kilio pale pale mbele ya wageni. Lakini ndani ya kilio kile nilikuwa nashukuru. Sijui kama unaelewa. Ndiyo, unaelewa, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mstari uliosimama hausemi kila kitu.

Basi Alhamisi ikafika na mimi nikaenda langoni, kama ulivyoagiza.

Nilisimama kando ya kibanda cha bawabu. Siku za kuangalia wagonjwa, unajua, Jumatatu na Alhamisi, mwisho saa kumi na moja. Saa kumi na moja ilikuwa imeshapita sana, jua linakaribia kuzama. Ikaja gari ya shamba, ile ya kuleta mizigo mjini, ikasimama kando ya barabara, akaruka kijana mmoja ana kikapu cha makuti na shati lina doa la udongo mgongoni. (Leo nalifua mimi lile shati! Doa bado lipo. Sitaki litoke.) Akaja mbio hadi langoni, akasimama, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya adabu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa tena, mwanangu."

"Gari, mzee."

"Sheria nayo, mwanangu. Acha kikapu, nitampa asubuhi."

Na muadhini akaanza. Na kabla hajafika nusu, kule ndani, kupitia dirisha la kitanda cha tatu, nikasikia viganja viwili juu ya mlango.

Alikuwa anamsikia, Bi Rukia. Kila Alhamisi. Alikuwa anaisikia ile "Shikamoo, mzee" ya mwanawe, anajua yuko hatua thelathini kutoka kwake, kisha anasikia gari ikiondoka. Na sisi tuliandika bila sababu. Mimi niliandika bila sababu.

Haji alikuwa amekuja Alhamisi zote tangu mama yake alazwe. Gari ya shamba haikufika mjini kabla ya saa kumi na moja hata siku moja, na ilirudi mara tu baada ya magharibi. Jumatatu hakuwa na ruhusa. Alidhani mama yake hupewa kikapu tu, hajui kama anayekileta ni yeye mwenyewe. Nilipomwambia kwamba anajua, na anajuaje, alikaa chini palepale kwenye vumbi akafunika uso kwa mikono miwili, na dereva akapiga honi, na mimi, ambaye sikuwahi kuzungumza na mwanamume nisiyemjua njiani, nikamwambia dereva anyamaze.

Sikupenda siku ile, usinicheke. Siku ile niliona huruma tu. Kupenda kulikuja baadaye kidogo. Kiasi cha wiki moja.

Nilikwenda kwa mkuu wa hospitali na karatasi zako mkononi. Sikumwomba huruma, maana ulinifundisha huruma haina safu. Nilimwonyesha vyumba vya magharibi, vitatu, na jioni ile niliyoiona mwenyewe, na nikamwomba Alhamisi moja. Moja tu, ya majaribio. Kijana aruhusiwe kuingia hata kama amechelewa, akae hadi gari iondoke. Alitafuna kalamu. Akasema moja.

Alhamisi ile Tereza na mimi tulikaa ukumbini kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Haji akaingia. Mama yake alimshika masikio yote mawili, kama mtu anayepima tikiti maji sokoni, akasema, "Umekonda." Ndilo neno la kwanza tulilomsikia akimwambia mtu bila kuulizwa. Wakala shokishoki kikapu kizima. Muadhini akaadhini. Gari ikapiga honi. Mwana akainuka, mama akamsindikiza mpaka mlangoni, mlango ule ule, akasimama. Tereza alinishika mkono mpaka ukafa ganzi.

Kisha Bi Mwanaidi akageuka, akaokota maganda sakafuni, akauliza ufagio uko wapi.

Tereza alichora duara kubwa mpaka likatoka nje ya chumba chake.

Mkuu aliongeza ya pili na ya tatu. Duara, duara. Daktari mgeni alipozisoma, alizirudia mara mbili, akauliza ni nani aliyetengeneza karatasi hii. Wote wakanitazama. Nikasema, Bi Rukia. Akauliza yuko wapi. Mkalimani wake akatafuta maneno, na mimi nikamwangalia daktari akielewa kabla hajatafsiriwa. Alivua kofia. Kisha akatia saini, si ya wodi ya nyuma. Ya nyumbani. Na sasa wodi zote zinatumia karatasi ile, ya wanaume pia, na pembeni Tereza amewalazimisha waandike jina la mgonjwa kwa herufi kubwa, kabla ya kitu chochote.

Sasa, Haji. Niruhusu, nshavumilia kurasa nzima!

Alikuja kunishukuru na mche. Si maua, Bi Rukia, mche wa mkarafuu ndani ya kopo la maziwa, una majani manne. Akasema ukitunzwa vizuri utazaa baada ya miaka saba hivi. Nikamwambia miaka saba ni mingi. Akasema, "Basi itabidi niwe napita kuuangalia." Na akapita. Akapita tena. Mama yangu akaniambia mche gani huo unaotazamwa kuliko mgonjwa. Akaleta posa kwa adabu, kwa wazee wake, na Bi Mwanaidi mwenyewe akaja, amevaa buibui limepigwa pasi, akakaa na mama yangu wakazungumza bei ya mchele na foleni yake mpaka mshenga akakohoa kuwakumbusha lililowaleta.

Tunakaa Amani, chumba na ukumbi, na mama mkwe chumba chake. Magari ya saruji yanapita kutwa kwenda Michenzani, wanasema zitakuwa nyumba ndefu mpaka shingo iume, na Haji anasema hata tukipewa ghorofani atapanda mchicha dirishani. Anaimba akioga. Anaimba vibaya sana. Namsikia nikiwa jikoni nakaanga vitumbua na nacheka peke yangu, na mama mkwe anasema, "Marehemu baba yake alikuwa hivyo hivyo, na mimi nilikuwa hivyo hivyo kama wewe." Anaweza kumtaja sasa, mumewe. Kuna siku anakaa kimya, ndiyo, na kuna asubuhi macho yake yamekwenda mbali. Sikimbilii kumwuliza. Naketi karibu, natazama, nasubiri, na mara nyingi kuna kitu kilichotangulia, wimbo redioni au harufu ya tumbako kwa jirani. Haji aliniuliza nimejuaje kukaa vile. Nikamwambia kuhusu wewe. Anakujua sasa kama jamaa.

Bi Rukia, nimepewa mume, nimepewa mama wa pili, nimepewa kazi ambayo naipenda, na ukivuta uzi wa vyote hivi unafika kwako, umevua miwani, unaniuliza swali nisiloweza kulijibu. Ahsante. Nalisema neno hili na naliona dogo. Ahsante kwa kunirudisha nikafute. Ahsante kwa mkeka ule, na kwa kucheka ulipofika nyumbani. Lala salama, mwalimu wangu. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pasipo kufuli. Nami nakuahidi hili: msichana yeyote nitakayeletewa wodini, sitamwacha aandike asichokiona.

Na nakuahidi la pili. Kabla mwezi huu haujaisha tunakuja Bumbwini kukuzuru kaburini, Haji, mimi na mama. Haji ameomba ruhusa ya Jumapili na amepewa. Dada yako nimeshampelekea salamu atutegemee mchana. Nilikuwa nimekusudia kukusomea barua hii, lakini mama mkwe amenikataza nisimsemee yeye humo. Amesema yameandikwa mengi juu yake, mwaka mzima, na mikono ya watu. Hili la kukwambia wewe atakuja kulisema kwa kinywa chake, na ametutaka mimi na Haji tukae mbali kidogo wakati huo.

Wako,
Asya